Sifa za Chatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na dada naye shikamoo, maana najua barua hii iko mikononi mwake. U hali gani, Mama? Jicho la kulia linaonaje tangu ubadilishiwe dawa ya matone, na lile la kushoto bado linatoa machozi ukikaa dirishani? Na magoti je? Mara ya mwisho ulisema zile ngazi tatu za mlangoni zimegeuka mlima. Mimi mwili wangu ni mzima, nakula, natembea, sina homa wala kikohozi. Nimeanza na mwili makusudi, kwa kuwa kwingine kote hakuna uzima, na habari zake zinakuja.

Dada, kabla hujaendelea, nina ombi. Soma kila neno kama lilivyo. Usiruke, usilainishe, usigeuze. Nakujua vizuri. Hata tulipokuwa wadogo ulikuwa ukimsomea Mama ripoti yangu ya shule, ukifika kwenye mstari wa mwalimu wa darasa unakohoa, unapita. Leo usikohoe. Na wewe Mama, ukisikia amenyamaza ghafla huko mbele, usidhani barua imekwisha. Karatasi ziko nne, zishike mwenyewe uzihesabu kwa vidole, kisha mwambie aendelee.

Ningeweza kupiga simu, najua. Lakini simu ningeikata katikati. Najijua pia.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu uliyoambiwa juu ya kilichotokea kazini ni nusu tu, na nusu hiyo nilikuambia mimi. Unakumbuka jinsi nilivyoingia pale kituo cha afya. Dada alikuwa na miaka kumi na sita kwenye masjala, chumba kile cha rafu hadi darini, kadi za wagonjwa zimebanana kiasi kwamba ukichomoa moja zinatoka tano. Kwenye kila kadi, juu kabisa, aliandika kwa wino mwekundu dawa ambazo mgonjwa yule hapatani nazo, akipewa atavimba au atabanwa na pumzi. Wauguzi walimwita Wino Mwekundu. Daktari mkuu alipotaka mtu wa kuhamishia kadi zile kwenye kompyuta, ni dada aliyekwenda kumwambia kwamba ana mdogo wake. Hilo sikuwahi kukuambia. Nilikuacha uamini kwamba walinitafuta wao.

Daktari mkuu hakuniuliza nimewahi kutengeneza nini. Aliniuliza kama najua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nilipojibu naijua, aliinuka kitini akanipa mkono. Shemeji yake, mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta zaidi ya kutazama mpira, alikuwa amemwambia kwamba ofisi isiyo na Python siku hizi imelala usingizi. Ndivyo ilivyokuwa, Mama, kila mahali. Kwenye kuta za mtaa wetu kulikuwa na matangazo ya kozi, ujifunze Python ubadilishe maisha yako. Kinyozi wangu aliizungumzia huku akininyoa, na hakujua kama ni lugha au ni mashine. Mimi nilikuwa nimejifunza miezi tisa tu, jioni jioni, kwenye darasa la watu arobaini na feni moja. Lakini nilikuta kwamba ukilitaja lile jina watu wananyamaza, wanakutazama kwa heshima, na mimi mwanao ninapenda sana kutazamwa kwa heshima.

Wewe ndiye uliyeipa jina la Chatu. Nilipokueleza kwamba neno lenyewe kwa Kiingereza ni nyoka, ulicheka hadi ukakaa chini, ukaniuliza kama huyo Chatu anauma. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mwanao anafuga chatu ndani ya kompyuta. Fundi cherehani, jirani yako, akamleta binti yake nimshauri asome nini, nikakaa pale sebuleni nikitoa ushauri mguu juu ya mguu. Lugha yenyewe ni nzuri, sikatai. Inasomeka karibu na maneno ya watu, inamvumilia mwanafunzi, haina maringo. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mimi niliyevaa sifa zake kama koti la kuazima, nikasahau kwamba ni la kuazima.

Programu niliimaliza kwa wiki sita. Dada aliniomba jambo moja tu: kwamba kwa miezi mitatu ya kwanza kadi na kompyuta viende pamoja, aandike huku na huku, ili kama kuna tofauti tuione. Nilimcheka mbele ya wauguzi. Nilisema karatasi siku hizi ni za kufungia karanga. Wote wakacheka, naye akacheka kidogo, akainama kwenye kazi yake. Kadi zikapelekwa stoo siku hiyohiyo. Mimi nilitaka zichomwe ili tupate nafasi, na hapo dada alikataa kabisa, akachukua ufunguo wa stoo akautia mfukoni. Kwa wagonjwa wapya hakukuwa tena na kadi. Waliandikwa kwenye kompyuta peke yake.

Basi wiki kadhaa baadaye akaja fundi mwashi, mtu mzima mwenye sauti ya kutoka tumboni. Alikuwa amekanyaga msumari kazini na kidonda kimeanza kunuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwetu, dada akamwandikisha. Mfamasia alipofungua kompyuta alikuta kwamba dawa mbili, zilezile ambazo angempa kwanza, zimeandikwa kuwa mwashi hapatani nazo. Mwashi alisema mwenyewe kwamba hajawahi kudhurika na dawa yoyote, na kwamba moja kati ya hizo aliwahi kuitumia kwingine akapona. Mfamasia akamgeuzia kioo cha kompyuta aone. Mwashi akaona, akanyamaza, kwa sababu nani atabishana na kompyuta. Akapewa dawa ya tatu. Haikushika. Baada ya wiki tatu, kwenye hospitali kubwa, alikatwa vidole viwili vya mguu.

Alirudi kwetu na magongo. Alisimama kwenye mlango wa masjala akauliza, kwa ile sauti yake, nani aliyeandika maneno yale. Chini ya maneno palikuwa na jina la dada. Alimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, foleni nzima ikisikiliza, na dada akasimama akayapokea mikono imeshikana mbele.

Kikao kilikaa Alhamisi mchana kwenye chumba cha daktari mkuu. Tulikuwa wanne: yeye, mfamasia, dada na mimi. Dada alisema hakuandika dawa zile. Alisema mwashi alimwambia hana tatizo na dawa yoyote, naye aliacha wazi. Basi swali likaja kwangu. Daktari mkuu aliniuliza kama inawezekana kompyuta ikaandika kitu ambacho mtu hajaandika. Nilijiweka sawa kwenye kiti. Nakumbuka nilivuta hata pumzi kwanza, kama mtu anayeanza hotuba.

"Python inatumiwa na mabenki na watafiti wa dunia nzima," nilisema. "Haibuni mambo. Inaandika kile inachoandikiwa."

Mfamasia akatikisa kichwa kukubali. Daktari mkuu akamgeukia dada. Lugha ilitoka pale safi, nami nikatoka nayo. Dada alikuwa na daftari la shule mapajani, limefungwa, mikono yake miwili juu yake. Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana. Wiki iliyofuata alipewa barua ya mistari miwili na akarudi kwako na begi lake.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa yalitokea nyumbani kwako. Uliniandikia kwamba hukuwa na uso wa kutoka nje. Uliniandikia kwamba hutaki tena dada akutilie dawa ya jicho, kwamba mtu aliyeandika dawa vibaya kwa watu baki hutamwachia jicho lako, na sasa fundi cherehani anakuja asubuhi na jioni kukutilia. Nilipoyasoma hayo nilikunja karatasi nikaiweka mezani, nikaenda kunyoa ndevu. Nilinyoa vizuri sana siku hiyo.

Mimi nikapanda cheo. Nilikuandikia, ukafurahi. Nikapewa na kazi ya kufundisha Python watumishi kutoka vituo vingine, watu kumi na wawili, kila Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha chanjo ambacho siku hiyo hakina watoto. Jumamosi iliyopita tulifika kwenye somo ambalo kila mwalimu wa lugha hii hulifundisha, onyo kuhusu orodha tupu. Nitakueleza sasa hivi ni nini. Niliandika onyo ubaoni. Mbele kabisa anakaa muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, anayeuliza kila kitu. Akauliza kama kosa hilo kweli hufanywa na watu walio kazini, au limewekwa vitabuni kuwatisha wanafunzi, maana linaonekana la kitoto. Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikamjibu kwamba kwa kweli sijawahi kukutana na mtu aliyelifanya. Akaliandika, Mama. Aliandika jibu langu kwenye daftari lake akalipigia mstari.

Nilirudi chumbani nikakuta barua yako imesukumwa chini ya mlango. Unakumbuka uliyosema humo? Ulisema unashukuru ulinizaa mimi. Ulisema dada yupo, anapika, anafagia, lakini aibu aliyotuletea haifagiliki, na kwamba angekuwa makini kama mimi mdogo wake, leo angekuwa kazini kwake. Maneno ni yako, Mama. Mwandiko ni wa dada. Wewe ulikaa kitandani ukataja, yeye akakaa mezani akaandika hayo yote juu yake mwenyewe. Nilitafuta mahali ambapo kalamu ilitetemeka. Sikupaona. Hata nukta aliweka kila panapostahili, na mwisho akaandika kwamba Mama anakusalimu sana.

Nilikaa chini sakafuni na viatu miguuni.

Dada, hapa ndipo utakapokumbuka kwamba kuna sufuria jikoni. Iache iungue. Mama, mshike mkono asiondoke.

Dada hakuandika dawa zile. Zimeandikwa na programu yangu, kwa kosa langu, na siku ile kwenye kikao nilikuwa najua. Sikuwa nashuku, Mama. Nilikuwa najua kwa siku mbili nzima.

Kosa lenyewe ni hili. Chukulia kwamba kila mgonjwa mpya anapewa bakuli tupu, na dada anatia humo dawa ambazo mgonjwa amemwambia hapatani nazo. Kama hana, bakuli linabaki tupu. Mimi niliandika mstari mmoja nikiamini kwamba unatoa bakuli jipya kwa kila mtu. Katika Python, ukiuandika mstari ule kama nilivyouandika, bakuli ni lilelile moja, linapita kwa mgonjwa huyu hadi yule bila kuoshwa, mpaka kompyuta izimwe jioni. Mtoto wa asubuhi akitiliwa dawa moja, bibi anayemfuata anakutwa nayo. Anayemfuata bibi anakutwa na ya mtoto na ya bibi. Mwashi alikuja alasiri. Nilipoijaribu programu, niliijaribu kwa mgonjwa mmoja wa kubuni, na kwa mgonjwa mmoja bakuli ni safi siku zote. Wala si siri iliyofichwa na mtu. Lugha hii inajulikana kwa mtego huo, vitabu vyake vinauonya, na mimi nilionywa kwenye lile darasa la feni moja. Sikusikiliza. Nilikuwa na haraka ya kupongezwa.

Na aliyeligundua si mimi. Ni dada, ambaye hajui hata neno moja la Python. Baada ya mwashi kuja na magongo yake, alinunua daftari la shule, akalipigia mistari kwa rula, na kwa siku nne akaandika kila mgonjwa mpya kwa zamu yake ya kuingia: yeye ameandika nini, na baadaye kompyuta imeonyesha nini. Kwa wino mwekundu, kama kawaida yake. Jumanne saa ya chakula aliniletea. Alifunga mlango kwanza ili asiniaibishe. Akaniambia taratibu kwamba wagonjwa wanarithiana, anayekuja nyuma anarithi ya waliomtangulia, na kila asubuhi mambo yanaanza upya. Nilimjibu kwamba anabonyeza vibaya. Nilimwambia kompyuta awaachie waliozisomea. Alipotoka niliifungua programu, na kabla chai yangu haijapoa nilikuwa nimeuona ule mstari. Niliurekebisha. Sikumwambia mtu.

Sikiliza na hili, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine. Niliurekebisha mstari, sikurekebisha orodha za wagonjwa. Wagonjwa wote walioandikwa kabla ya siku hiyo walibaki na dawa za wenzao kwenye orodha zao, kwa sababu kuzisafisha kungetaka nieleze kwa nini nazisafisha. Miezi saba, Mama, watu wamenyimwa dawa zao na mimi nikiwa naingia ofisini kifua mbele.

Jumatano dada aliona kwamba kurithiana kumekoma. Alikuja hadi mlangoni kwangu, akasimama, akanitazama, akaondoka. Basi nikajua kwamba anajua.

Alhamisi, kabla ya kikao, nilimsubiri kwenye korido, pale penye mzani wa kupimia watoto. Nilimshika mkono wa gauni. Nilimwambia likijulikana nimekwisha, kwamba hakuna ofisi itakayonichukua tena, kwamba wewe umeshauambia mtaa mzima na utaaibika vibaya. Nililia, jitu zima, nimeegemea mzani. Yeye alikuwa analitazama daftari lake. Halafu akasema, nami nakuandikia kama alivyosema, na ninamtaka ayasome kwa kinywa chake:

"Mama akisikia ni wewe, ataugua. Akisikia ni mimi, atanuna tu. Twende, wanatungoja."

Alikosea hesabu, Mama. Hukununa tu. Lakini sikulaumu, kwa sababu uliamini nilichokuambia, na nilikuambia nikiwa na macho makavu. Miezi saba amekusomea barua zangu akijua yote haya. Ile ya kupandishwa cheo alikusomea. Ile niliyoandika kwamba watu wazembe hawana nafasi kwenye kazi za hospitali, alikusomea, na najua hakuiruka, maana ulinijibu kwamba nimesema kweli tupu. Wakati ule nilifikiri moyoni kwamba ameshazoea. Hivyo ndivyo nilivyofikiri juu ya dada yangu.

Sasa nikuambie nilichofanya, ingawa ni kidogo na kimechelewa. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa daktari mkuu nikamweleza kila kitu nimesimama. Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja, kama dada alijua, na nilipojibu ndiyo, alivua miwani akaifuta muda mrefu sana. Amenisimamisha kazi na amechukua funguo zangu. Mfamasia na watu wawili wanapitia majina ya wagonjwa wote walioandikwa katika wiki kumi na moja kabla sijaurekebisha mstari, zaidi ya mia tatu, na kwa kuwa hawana kadi inabidi waitwe mmoja mmoja waulizwe upya. Daktari mkuu anamwandikia dada barua ya kumsafisha jina, na ameahidi kuisoma mwenyewe mbele ya watumishi wote. Kuhusu kiti chake cha masjala hakuahidi, kuna mtu mwingine. Sitaki kukudanganya kwamba mambo yatarudi kama yalivyokuwa.

Pale kituoni sasa wameanza kusema kwamba Python ndiyo mbovu, kwamba ilikuwa kelele za matangazo tu, na turudi kwenye karatasi. Shemeji yake daktari mkuu ndiye anayeongoza kuisema. Nimewaambia lugha haina kosa, kosa ni langu, na safari hii nilikuwa nasema kweli.

Jumanne nilimfuata mwashi anakofanya kazi. Hapandi tena juu ya ukuta, mguu haumshiki. Sasa anapanga vigae vya sakafu amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Aliniacha nimalize. Nilitegemea matusi, hata kofi ningelipokea. Aliuliza kama yule mama wa masjala ameshaambiwa kwamba jina lake limesafishwa. Nikasema bado. Akasema alimtukana yule mama mbele za watu, na kwamba nisikanyage tena pale kazini kwake mpaka mama huyo awe ameambiwa. Akaendelea na vigae vyake. Nilirudi nikaanza barua hii, na hii ni mara ya tano naiandika, kwa kuwa zile nne za mwanzo nilikuwa bado najitetea.

Siombi msamaha kwenye karatasi. Naona haya hata kuliandika neno lenyewe. Wala siji nyumbani sasa hivi kukulilia, ili usije ukanionea huruma mimi kwanza, kama ilivyo desturi yako kwa kitinda mimba wako.

Nisalimie fundi cherehani, na umwambie yote haya, usinifichie. Binti yake aendelee na masomo yake, ila aulize sana, na asione aibu kuulizwa. Wasalimie na majirani wengine wote uliowasimulia sifa zangu.

Nitangoja jibu lenu kwa muda wowote. Ila jibu hilo, Mama, nakuomba usimtajie dada la kuandika. Mpe karatasi na kalamu, kisha wewe ukae kimya. Aandike lake.

Ni mimi mwanao wa mwisho, na mdogo wake dada.